Kabla Lori Halijatoka Getini

Malori mengi yanayolala mpakani Tunduma au kwenye yadi ya mizani hayakukosa kibali. Kibali kipo, ila kinataja tela jingine, au kimeisha juzi, au kimetolewa kwa jina lisilofanana na lile lililo kwenye kadi ya gari. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye malori mawili, matano au kumi, unayepakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Mbeya, Ndola au Lubumbashi, na ambaye ofisi yako ni wewe mwenyewe, karani mmoja na simu inayoita usiku. Kampuni kubwa huajiri mtu wa kazi hii tu. Wewe huna mtu huyo, kwa hiyo inabidi uwe na mpangilio.

Anza na mafaili. Wengi wana faili la LATRA, faili la TRA na faili la bima, na siku ya safari karani huchomoa karatasi moja moja kutoka kila faili na kuzitia kwenye bahasha ya dereva. Hapo hakuna mtu aliyezisoma kwa pamoja. Afadhali kila kitu kiwe na faili lake: kichwa lake, tela lake, dereva lake, na kila safari lake. Siku ya kupakia unayaweka manne hayo mezani na kuangalia kama yanasomana: namba za gari, majina, tarehe, uzito. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na ndiyo nusu saa ya maana kuliko zote katika biashara hii.

Kichwa na tela ni magari mawili

Tela husajiliwa peke yake. Lina namba yake, kadi yake na bima yake. Mwenye malori huelewa hivyo siku anaponunua, kisha husahau, kwa sababu machoni pake lile ni lori moja. Tatizo huja pale kichwa kimoja kinapoharibika na matela yanabadilishana vichwa kwenye yadi. Dereva aliyezoea tela lake la jana anatoka na bima ya tela la jana. Trafiki wa kwanza akiuliza, hana jibu, na kosa halikuwa lake.

Leseni ya kubeba mizigo hutolewa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Ombi hupelekwa kwa mtandao. Andaa kadi ya gari, bima iliyo hai, namba ya mlipakodi na taarifa ya ukaguzi wa gari kutoka kwa polisi wa usalama barabarani. Angalia jinsi karatasi hizi zinavyotegemeana: bima ikifa leo, leseni haihuishwi kesho, na ukaguzi ukishindikana kwa sababu ya breki au taa, vyote vinasimama. Ndiyo maana nashauri tarehe za gari moja zisogezwe zikae karibu karibu, ila magari tofauti yasikae mwezi mmoja. Ukiwa na malori sita yote yanayohuisha kila kitu mwezi wa kwanza, utajikuta unalipia vibali na ada za shule kwa wakati mmoja.

Kuna na jambo la tarehe lenyewe. Kibali kilicho hai siku lori linapotoka hakitoshi. Kinapaswa kuwa hai siku linaporudi. Safari ya Lubumbashi, pamoja na foleni ya mpaka wa Kasumbalesa na kusubiri mzigo wa kurudi, inaweza kula wiki nyingi. Mimi ningeweka kanuni ya siku 45: karatasi yoyote iliyobakiza chini ya hapo inahuishwa kabla ya safari ya nje, hata kama inauma kupoteza siku ulizokwisha kulipia. Bima iliyokufia Kitwe ni ghali kuliko siku hizo.

Kama gari lina mkopo, kadi halisi iko benki, na mara nyingi jina la benki limo ndani yake pamoja na lako. Nakala ya kawaida haitoshi mpakani. Omba mapema nakala iliyothibitishwa na barua ya benki inayoruhusu gari kuvuka, kwa maana benki haiandiki barua kwa mwendo wa dereva aliyekwama. Na kwa kuwa gari si la dereva, kila safari ya nje iwe na barua yako ya idhini inayomtaja yeye kwa jina na namba ya pasi, na inayotaja kichwa na tela kwa namba zake.

Kuhusu zimamoto na stika ya usalama barabarani sina la kurefusha: mtungi uwe na tarehe hai, uwe pale dereva anapoweza kuufikia, na risiti iwe kwenye faili. Ila ujue kwamba ile ada ya mwaka ya leseni ya gari tuliyokuwa tukiilipa TRA ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuingizwa kwenye kodi ya mafuta. Kishoka akikuletea hesabu yenye ada hiyo, umeshajua ni mtu wa namna gani.

Vishoka wenyewe hawataisha. Njia ya kujilinda ni moja: malipo yote ya serikali yapitie namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na mfumo, kwa jina lako au la kampuni yako, na risiti irudi kwenye faili. Bima ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa kuingiza namba ya gari. Stika nzuri, iliyopigwa rangi vizuri, haikuambii lolote. Mfumo ndio unaosema kama kampuni ya bima inakutambua.

Dereva

Leseni ya lori ni daraja E. Usitazame daraja peke yake. Tazama tarehe, na tazama kama jina lake limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasi. Herufi moja iliyozidi kwenye jina la baba inaweza kumweka dereva dirishani Nakonde mchana kutwa. Cheti cha mafunzo ya magari makubwa kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, au VETA, kiwe na nakala ofisini. Kwa safari za Zambia na Kongo ongeza pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kabla ya safari, angalia madeni ya gari kwenye mfumo wa polisi. Faini ya kosa moja barabarani ni shilingi 30,000, na watu huidharau. Lakini gari lenye madeni manne yaliyosahaulika husimamishwa kwa ajili ya madeni hayo, na mzigo wa mteja unasimama nalo. Wekeni makubaliano ya wazi na dereva: kosa la mwendo na kupita vibaya ni lake, kosa la taa, tairi na karatasi ni lako. Makubaliano yasipokuwepo, dereva ataficha karatasi ya faini mpaka imletee balaa.

Mkataba wa kazi ni sehemu ya kufuata sheria pia, ingawa wenye malori wengi huuona kama mambo ya ofisi kubwa. Migomo ya madereva ya 2015 ilikuwa na mengi ndani yake, na mikataba ilikuwa mojawapo ya madai. Dereva awe na mkataba wa maandishi unaotenganisha mshahara na posho ya safari, awe kwenye NSSF, na wewe uwe umesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa mfuko huo ni sehemu ndogo sana ya mshahara. Lori likianguka Kitonga na utingo akavunjika mguu, utatofautisha mwenyewe kati ya aliyechangia na asiyechangia. Na ndiyo, utingo naye ni mfanyakazi. Yule kijana anayelala chini ya tela, asiye na jina kwenye karatasi yoyote, ni wako siku ya ajali.

Mizani

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, na hizo ni za gari lenye ekseli saba. Ila tani 56 ndiyo namba inayowadanganya wengi. Sheria inapima ekseli kwanza: ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, mbili za pamoja zenye matairi pacha tani 18, tatu za pamoja tani 24. Semi ya kawaida, kichwa cha ekseli tatu na tela la tatu, inakupa 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Likiwa tupu, chukulia tani 16. Limebaki la kubeba 34.

Sasa toa ambavyo huviandiki popote. Lita 800 za dizeli ni zaidi ya kilo 650. Tairi za akiba, minyororo, turubai lililonyeshewa, maji, jiko, na magunia ya mkaa ambayo dereva amenunua njiani. Anayepakia tani 34 kamili kwa sababu hesabu imekubali amekwisha kuzidisha kabla hajafika mizani ya Vigwaza.

Kwa nini serikali inabana ekseli kuliko jumla? Jibu lilipatikana Marekani, kwenye majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960. Yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwenye lami hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 imezidi kwa asilimia 20 tu, lakini inaiumiza barabara mara mbili. Ukiijua hesabu hiyo, utaelewa kwa nini ofisa wa TANROADS hashawishiki ukimwambia kwamba jumla yako iko chini ya kikomo.

Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka Oktoba 2013. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliondoa nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwenye mizani, malori yakasimama, foleni zikajaa barabarani, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha. Wasafirishaji walishangilia. Lakini tazama kilichokuwa kikigombaniwa: nafuu iliyokusudiwa kufidia tofauti za mizani na mzigo kusogea njiani, watu walikuwa wameigeuza tani za kuuza. Nafuu yoyote utakayoikuta leo, usiipakie. Iache ifanye kazi yake pale mlima utakaposukuma mzigo nyuma.

Mzigo husogea kweli. Ukipakiwa mbele mno, unalalia ekseli za kichwa. Ukipakiwa nyuma, unalalia za tela. Springi moja iliyokatika inahamisha uzito kwenda kwa jirani zake, nawe utalipia uzito ambao hukuubeba. Ekseli ya kuinua isiposhushwa kabla ya kupanda mizani, wenzake wawili wanabeba wa watatu. Dereva ayajue haya, kwa maana simu yake huwa hivi:

"Bosi, mizani imekataa."

"Imekataa nini? Jumla au ekseli?"

"Sijui bosi, wamesema tu nimezidi."

Dereva huyo hakufundishwa. Kila mara aombe karatasi ya mizani, aipige picha na kukutumia kabla ya kusema neno. Kama jumla iko sawa na ni ekseli tu iliyozidi, mzigo unaweza kupangwa upya na gari likapimwa tena. Kama jumla imezidi, hapo kuna tozo, na kilichozidi kinashushwa. Jedwali la tozo limeandikwa kwa dola na linapanda kwa kasi kadiri kilo zinavyoongezeka. Tani ya tatu iliyozidi hailipiwi kama ya kwanza.

Lakini kupanga upya kunawezekana kwa mzigo uliofungwa turubai lako tu. Kontena lenye lakiri ya forodha hulifungui. Mzigo ulio ndani yake umekaa ulivyokaa tangu Shanghai au Mumbai, na ekseli ikizidi huna la kusogeza isipokuwa kontena zima, kwa kreni, mbele ya ofisa wa TRA. Kwa sababu hiyo pima kabla ya kutoka mjini. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini, kwa hiyo namba hiyo ipo, iombe kwa wakala. Lakini usitegemee hiyo peke yake. Nyingine ni za uongo. Na kontena la futi 20 lenye tani 28, lisipokaa mahali pake kwenye tela refu, litavunja sheria hata kama kila namba kwenye karatasi ni ya kweli.

Weka pia kifungu kwenye mkataba wa usafirishaji: uzito ukizidi ule mwenye mzigo aliouandika, tozo, gharama za kushusha na siku za kusubiri ni zake. Mteja akigoma kusaini kifungu hicho, muulize anaogopa nini.

Kupita Vigwaza hakukupi uhakika wa Makambako wala Mpemba. Wala usiruhusu dereva ajaribu njia ya vumbi ya kukwepa mizani. Kukwepa ni kosa peke yake, zito kuliko kuzidisha kilo mia tatu.

Mzigo nao una vibali vyake

Simenti, nondo na ngano hazisumbui sana: hati ya mzigo, risiti ya kodi, basi. Ukihama hapo, kila bidhaa ina ofisi yake.

Mafuta yanahitaji leseni ya EWURA, na tangi lipimwe na Wakala wa Vipimo, ambao wana kituo chao cha matangi pale Misugusugu, Kibaha. Cheti cha upimaji kina jedwali la ujazo wa kila chumba cha tangi. Kikiisha, bohari haitakupakia. Usimtoe dereva wa kontena na kumpandisha tangi kwa safari moja ya dharura. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, tangi lilianguka, watu wakakimbilia mafuta, moto ukaua zaidi ya watu mia moja. Dereva wa mafuta anatakiwa ajue kwamba gari likianguka, kazi yake ya kwanza baada ya kujiokoa ni kuwafukuza watu na kuita zimamoto na polisi.

Kemikali, ikiwemo salfa inayopanda Zambia na Kongo na sianidi ya migodini, ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya kemikali ya 2003. Kibali hutolewa kwa mzigo na njia yake, na gari linawekewa alama za hatari. Mbao, magogo na mkaa ni vya wakala wa misitu, TFS: hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na kwenye mbao alama ya nyundo. Hapo ndipo yale magunia ya mkaa ya dereva yanaporudi kukuuma, maana hayana hati, nalo lori ni lako. Mazao ya shambani yana ushuru wa halmashauri. Dai risiti palepale yaliponunuliwa, la sivyo utaulizwa kwenye kila geti la wilaya.

Mashine kubwa, transfoma, magari ya mgodini, chochote kinachopita kikomo cha uzito au vipimo, kinahitaji kibali maalumu kabla ya safari. Kibali hicho hutaja njia, aina ya gari, masharti ya mwendo na wasindikizaji. Usimkubalie mteja tarehe ya kufikisha kabla kibali hakijatoka, kwa sababu madaraja ya njia hiyo yanaangaliwa kwanza.

Mzigo wa transiti

Ukibeba mzigo unaopita kwenda nchi nyingine, wewe umeshika mali ambayo kodi yake haijalipwa, na forodha inakutazama hivyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, gari lenyewe linahitaji leseni ya forodha ya kubeba mzigo wa namna hii, mbali na ile ya LATRA. Mzigo unasafiri kwa dhamana iliyowekwa na wakala, kwa njia iliyotajwa, ukiwa na lakiri, na siku hizi na kifaa cha kielektroniki kinachosoma lori liko wapi. Muda wa kutoka nchini ni siku 30.

Hati ya transiti inataja kichwa na tela. Kwa hiyo tela likibadilishwa Ubungo kwa sababu ya tairi, hati imekwisha kuwa ya gari jingine. Usibadilishe kitu kabla wakala hajarekebisha hati kwenye mfumo. Hali ni ngumu zaidi kichwa kikifa katikati ya pori, tuseme kabla ya Mikumi. Fundi anasema siku tatu, wewe una kichwa kingine Morogoro, akili inakwambia kiende kikavute. Simama. Dereva asiguse lakiri. Piga simu kwa wakala, wakala aarifu ofisi ya TRA iliyo karibu, idhini ya kubadilisha kichwa iandikwe, ndipo uvute. Mzigo wenyewe ukilazimika kuhamishiwa tela jingine, ofisa awepo, lakiri ya zamani ikatwe mbele yake na mpya iandikwe. Dereva ahifadhi vipande vya lakiri iliyokatwa, si takataka.

Kuchepuka nako ni hatari kuliko madereva wanavyodhani. Kifaa hakijui kwamba dereva alikwenda kumsalimia mama yake Mafinga. Kinaandika kwamba lori limetoka njiani. Mpe dereva sehemu za kulala zinazojulikana, na kama anataka kusalimia, tela libaki palipo na ulinzi, kwenye njia, na wewe uwe na taarifa.

Na kama una gari lenye namba za Zambia au Rwanda, usilipakize mzigo wa Dar kwenda Mwanza kwa sababu tu liko tupu. Gari la nje halifanyi biashara ya ndani.

Ng'ambo ya Tunduma

Bima yako ya Tanzania inakoma mpakani. Inarefushwa kwa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Hakikisha nchi zote utakazopita zimo kwenye kadi, na kwamba kichwa na tela vimetajwa. Kadi hii ni ya madai ya watu wengine ukiwagonga. Haikulipi wewe lori lako, wala mzigo. Mzigo una bima yake, nayo uulize kama inafika Kongo, kwa maana nyingine zinaishia Zambia.

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja cha mpakani: taratibu za nchi mbili hufanywa upande mmoja unaoingia. Imepunguza mizunguko, haijaondoa foleni. Tozo za barabara za Zambia na za halmashauri zilipwe kwa mfumo na risiti zipigwe picha, kwa sababu zitaulizwa tena na tena kusini huko. Mpe dereva pesa ya tozo tofauti na posho yake. Pesa zikichanganyika, itakayoliwa ni ya tozo.

Mzigo wa kurudi

Wengi hulegea hapa. Lori limeshusha, fedha imeingia, kilichobaki ni kurudi nyumbani na chochote kitakachopatikana, na mara nyingi kinachopatikana ni shaba.

Shaba ni mzigo mdogo kwa macho. Bando moja linazidi tani mbili na halifiki magotini. Lori likiwa limepakiwa kihalali, tela linaonekana karibu tupu, na mpakiaji anashawishika kuongeza mawili, au kuyarundika yote mbele yasiteleze. Dereva ahesabu mabando kwa uzito ulioandikwa, ayatawanye juu ya ekseli, ayafunge kwa minyororo, si kamba. Akisharudi upande wa Tanzania, mizani ya kwanza ni Mpemba, na pale hakuna turubai lililovimba la kumpa ofisa wasiwasi. Kuna namba tu.

Karatasi za kurudi ni safari mpya kabisa: hati mpya ya transiti kuelekea bandarini, dhamana mpya, lakiri mpya, na zile siku 30 zinaanza kuhesabiwa upya. Fungua faili jipya dereva akiwa bado Ndola, akutumie picha za hati kabla hajawasha gari, uzisome ukiwa na kadi ya kichwa na ya tela mkononi. Mzigo ukishapokelewa bandarini, usimlipe wakala salio lake mpaka akuonyeshe kwamba dhamana za kwenda na za kurudi zote zimefungwa kwenye mfumo. Dhamana iliyoachwa wazi haipigi kelele. Utaisikia miezi baadaye, siku unapohuisha leseni ya forodha ya gari lile lile na dirisha likakwambia kuna mzigo wako ambao haujawahi kutoka nchini.